WATU WALIOSIFIKA DUNIANI: Thaddeus Stevens, Wakili wa Pennsylvania

Katika mji wa Lancaster, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kuna makaburi madogo ambayo mgeni aweza kuyapita bila kuyatupia jicho. Humo amezikwa mtu ambaye, alipofariki mwaka 1868, jeneza lake liliwekwa kwanza chini ya kuba kubwa la jumba la Kongresi mjini Washington, likilindwa na askari weusi, na watu wengi wakapita mbele yake kumwaga. Mtu aliyepewa heshima ya namna hiyo angeweza kulazwa po pote penye makaburi ya wakubwa. Lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kuchagua mahali pake, na sababu ya uchaguzi huo aliagiza ichongwe juu ya jiwe: makaburi mengine yalikuwa na sheria za kuwakataa watu kwa ajili ya rangi yao, naye hakutaka kulala mautini mahali panapokanusha maneno aliyoyashika maisha yake yote.

Jina lake ni Thaddeus Stevens. Alikuwa wakili, mwenye kiwanda cha chuma, na mjumbe wa Bunge. Ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe, alipenda kucheza karata kwa fedha, na hakuwa mwepesi wa kusamehe. Basi msomaji asitazamie kusikia habari za malaika.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 katika kijiji cha Danville, jimbo la Vermont, huko kaskazini penye baridi kali na theluji. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda tangu tumboni mwa mama, akachechemea hata kufa kwake. Baba yake alikuwa fundi viatu na mpima mashamba, lakini hakuwa mtu wa kutulia. Hatimaye aliiacha nyumba yake, akamwachia mkewe, Sarah, mzigo wa watoto wanne wa kiume. Mama huyo alifanya kazi usiku na mchana. Aliona wazi kwamba mwana mwenye mguu wa namna ile hatapata chakula chake kwa kusukuma plau, akaazimia apate elimu. Akahamisha nyumba yake yote mpaka mji wa Peacham kwa sababu huko palikuwa na shule. Kutoka shule hiyo kijana alikwenda chuo cha Dartmouth, akahitimu mwaka 1814. Miaka mingi baadaye, alipokuwa na mali, alimnunulia mama yake shamba zuri lenye mifugo, na mara kwa mara alimtia sarafu ya dhahabu mkononi. Alikuwa akisema kwamba katika fedha zote alizozipata, hizo ndizo zilizompa furaha kubwa.

Baada ya Dartmouth alikwenda mji wa York, jimbo la Pennsylvania, akawa mwalimu mchana na mwanafunzi wa sheria usiku. Mawakili wa York hawakumtaka. Wakatunga kanuni kwamba mtu aliyekuwa akishika kazi nyingine wakati wa kusoma sheria hawezi kukubaliwa katika baraza lao; na kijana maskini angesomaje bila kushika kazi nyingine? Stevens hakubishana nao. Alipanda farasi mwezi wa Agosti 1816, akavuka mpaka mpaka mji wa Bel Air katika jimbo la Maryland, ambako aliulizwa maswali machache. Mwenyewe alisimulia kwamba kabla ya mtihani mahakimu walimtaka aweke mezani chupa za mvinyo wa Madeira, na baada ya mtihani nyingine zaidi, kisha usiku wakamla fedha zake nyingi kwa karata. Asubuhi yake alirudi Pennsylvania na hati ya uwakili mfukoni, akafungua ofisi katika mji mdogo wa Gettysburg.

Mji huo uko karibu sana na mpaka wa Maryland, na mpaka ule ulikuwa mpaka wa mambo makubwa. Maryland ilikuwa nchi ya watumwa. Pennsylvania ilikuwa na sheria ya mwaka 1780 iliyokusudia kuumaliza utumwa pole pole, na katika sheria ile mlikuwa na kifungu kwamba mtumwa aliyeletwa na mgeni katika jimbo hilo na kukaa humo zaidi ya miezi sita atakuwa mtu huru.

Mwaka 1821 ilifika mbele ya mahakama kuu ya Pennsylvania kesi ya mwanamke mmoja mtumwa, jina lake Charity Butler. Alikuwa ameletwa Pennsylvania mara kwa mara na bibi aliyekuwa akimtumikia, na siku zote hizo zikijumlishwa zilizidi miezi sita. Basi akadai uhuru wake na wa watoto wake. Wakili wa upande wa bwana mwenye watumwa alikuwa Thaddeus Stevens. Alisimama akaeleza kwamba sheria ilikusudia miezi sita inayofuatana, si siku za kuokoteza huku na huku. Kwamba wageni wengi wa Maryland huja Pennsylvania kila mwaka kutembea na watumishi wao, na kama siku zao zikihesabiwa hivyo hapatakuwa na mgeni atakayethubutu kuvuka mpaka. Hoja ilikuwa safi. Mahakama ikaikubali. Stevens akashinda kesi, akalipwa ujira wake, na Charity Butler pamoja na watoto wake wakarudishwa utumwani.

Wakili yule hakuacha maandishi ya kueleza moyo wake ulikuwaje siku ile. Matendo yake ndiyo yaliyobaki, na hayo hayana fumbo. Hakumtetea tena mwenye watumwa. Mwaka 1823, katika karamu ya sikukuu ya taifa ya tarehe 4 Julai, alisimama akanyanyua bilauri na kumtakia heri Rais ajaye, akitumaini atakuwa mtu ambaye hakumtia binadamu mwenzake pingu. Maneno ya ajabu katika nchi ambayo marais wake wengi hata siku hizo walikuwa mabwana wa watumwa. Na watumwa waliotoroka wakaanza kuijua ofisi yake. Sheria ile ile aliyoitumia kumfunga Charity Butler aliigeuza huku na huku kutafuta kila tundu ambalo mtu aweza kupenya akawa huru.

Alichaguliwa kuwa mjumbe wa Bunge la jimbo lake mwaka 1833, na huko ndiko alikofanya kazi ambayo mwenyewe aliithamini kuliko karibu zote. Wakati ule huko Pennsylvania mtoto wa tajiri alisoma kwa ada. Mtoto wa maskini aliweza kusoma bure kwa sheria ya mwaka 1809, lakini kwanza ilimpasa mzazi wake aandikishwe kuwa fukara. Baba mwenye haya angekubalije jambo hilo? Wengi waliona heri watoto wao wakae bila kusoma. Mwaka 1834 Gavana George Wolf alitia sahihi sheria mpya ya shule za bure kwa watoto wote, zilipiwe kwa kodi.

Kelele zikaanza mara moja. Wakulima wenye mashamba makubwa walisema, “Kwa nini tulipe kodi kusomesha watoto wa wengine?” Wazee walisema watoto wao wamekwisha kuwa watu wazima. Wajerumani wengi wa jimbo hilo walikuwa na shule zao za kanisa, wakaogopa lugha yao itapotea. Barua za kudai sheria ifutwe zilifika Bungeni zikiwa na majina ya watu zaidi ya 30,000. Wajumbe kadhaa walikuwa wamechaguliwa kwa ahadi moja tu, ya kuifuta. Seneti ya jimbo ikapiga kura ya kuifuta. Ilibaki Baraza la Wawakilishi peke yake, na watu wa wilaya ya Stevens mwenyewe walitaka aungane na wenzake.

Tarehe 11 Aprili 1835 alisimama kwa mguu wake mbovu akasema. Alianza na ile sheria ya kale ya mafukara: akasema jina lake la haki lingekuwa sheria ya kuwatia maskini chapa, ili wajulikane wasichanganyike na matajiri. Kisha akawageukia wale waliolalamika kwamba hawana watoto wa kusomesha. Mtu huyo, alisema, hulipa bila manung'uniko kodi ya kuwaweka wezi gerezani na kuwahukumu, ijapokuwa hana mtoto gerezani. Lakini akitakiwa kulipa kodi ndogo ya kumzuia mtoto wa jirani asiwe mwizi, hulia kwamba ameonewa. Jambo jingine lililowashangaza wasikilizaji ni kwamba alimsifu sana Gavana Wolf, ambaye alikuwa wa chama kingine na mpinzani wake katika karibu kila jambo. Aliwaambia wajumbe kwamba kama jambo ni jema, mtu aliunge mkono bila kujali limetoka mkono wa nani. Kura zilipopigwa, sheria ilipona, na shule zile zikabaki.

Kati ya hotuba zake zote, na zilikuwa nyingi, hiyo ndiyo aliyoamini kwamba ilizaa matunda zaidi. Haikosi alimfikiri mama yake akihamisha vyombo kwenda Peacham.

Miaka michache baadaye jimbo liliandika Katiba mpya. Stevens alikuwa mmoja wa wajumbe walioiandika, lakini kwa kuwa ilitoa haki ya kura kwa watu weupe tu, alikataa kuitia sahihi. Mambo yake mengine ya miaka hiyo hayahitaji kusimuliwa kirefu: alijenga kiwanda cha kuyeyusha chuma, akakiita Caledonia kwa jina la wilaya alikozaliwa, na kiwanda hicho kilimletea madeni mengi kuliko faida. Ugonjwa ulikuwa umemng'oa nywele zote akali kijana, akawa anavaa nywele za bandia. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja aliyempenda kwa siasa zake alimwomba unywele wa kumbukumbu, naye akavua nywele zote akampa.

Mwaka 1842 alihamia Lancaster, mji mkubwa zaidi, ili uwakili umlipie madeni. Hakuoa kamwe. Nyumba yake ilisimamiwa kwa miaka zaidi ya 20 na mjane mmoja wa damu mchanganyiko, Bibi Lydia Hamilton Smith, mwanamke hodari na mwenye akili ya biashara. Watu walisema mengi juu ya wawili hao. Stevens hakujibu, ila wageni waliofika walijua kwamba wapaswa kumwita “Bibi Smith” kwa adabu ile ile ambayo mwanamke ye yote mweupe angeitwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua birika la maji nyuma ya ofisi yake, wakaona dalili kwamba lilitumika kuwafichia watumwa waliokuwa wakikimbilia kaskazini. Kama ndivyo, basi wakili yule aliyetetea watoro mchana mahakamani aliwalaza usiku nyumbani mwake.

Mwezi wa Septemba 1851 bwana mmoja wa Maryland alifika na watu wenye silaha katika kijiji cha Christiana, karibu na Lancaster, kuwakamata watumwa wake waliotoroka. Weusi wa hapo walipigana, na bwana yule akauawa. Serikali iliwashtaki watu 38 kwa uhaini. Wa kwanza kuhukumiwa alikuwa mzungu, Castner Hanway, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kukataa kusaidia kuwakamata watoro. Stevens alikuwa mmoja wa mawakili wa utetezi. Wazee wa baraza walitoka, wakarudi baada ya dakika 15 hivi, wakasema hana hatia. Wengine wote hawakuhukumiwa kwa uhaini ule.

Alikwenda Kongresi mara ya kwanza mwaka 1849, akakaa miaka minne. Akarudi mwaka 1859 naye ni mzee wa miaka 67, akabaki hata kufa. Vita ya Kaskazini na Kusini ilipoanza mwaka 1861, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha katika Baraza la Wawakilishi, na fedha zote za vita zilipita mezani pake. Tangu mwanzo alimsukuma Rais Lincoln atangaze uhuru wa watumwa, wala hakumpa nafasi ya kupumzika. Maadui walimjua. Mwezi wa Juni 1863 jeshi la Kusini chini ya Jenerali Jubal Early lilipita Caledonia, likachoma kiwanda chake likachukua farasi na nyama na nafaka. Stevens aliandika kwamba kama serikali itasimama tena nchi nzima bila alama ya utumwa, hasara hiyo ataihesabu kuwa bei rahisi. Lakini wafanya kazi wake waliobaki bila mishahara hakuwasahau, akaendelea kuwapa msaada.

Tarehe 31 Januari 1865 Baraza lilikubali Badiliko la 13 la Katiba kwa kura 119 dhidi ya 56, na utumwa ukaondolewa katika Marekani yote baada ya majimbo kulithibitisha mwishoni mwa mwaka huo. Wengi walidhani kazi imekwisha. Stevens alijua sheria vya kutosha asidhani hivyo.

Watu milioni nne walikuwa wamefunguliwa. Hawakuwa na shamba, nyumba, jembe, wala hati ya cho chote. Mashamba waliyoyalima tangu kuzaliwa yalikuwa mali ya mabwana wao wa zamani, na mtu huru asiye na mahali pa kupanda mahindi yake atarudi kwa bwana yule yule kuomba kazi kwa masharti ya bwana. Tarehe 6 Septemba 1865 Stevens aliwahutubia watu wa Lancaster juu ya jambo hilo, akiwa na hesabu mkononi. Matajiri wapatao 70,000 wa Kusini walioasi, alisema, wanashika ekari milioni 394. Serikali izitwae. Kila mwanamume aliyekuwa mtumwa apewe ekari 40. Jumla yake ni kama ekari milioni 40 tu. Zilizobaki ziuzwe kulipa deni la vita na kuwatunza askari waliojeruhiwa. Wakulima wadogo weupe wa Kusini wasiguswe hata kipande.

Haikuwa ndoto tupu. Mwezi wa Januari mwaka huo huo Jenerali Sherman alikuwa amewagawia weusi mashamba kando ya bahari ya South Carolina na Georgia, na watu 40,000 hivi walikuwa wamekwisha kuingia wakalima. Lakini Lincoln aliuawa mwezi wa Aprili, na Rais mpya, Andrew Johnson, aliwasamehe mabwana wa zamani akaamuru warudishiwe mashamba. Waliokuwa wamepanda wakaambiwa watoke au wafanye mkataba wa kazi na mwenyewe.

Stevens alileta shauri la ardhi Bungeni mwezi wa Februari 1866. Likashindwa kwa kura 126 dhidi ya 37. Akalileta tena mwezi wa Machi 1867, akiwakumbusha wajumbe kwamba hata mfalme wa Urusi alipowafungua watumwa wa mashamba yake alihakikisha wamepata ardhi. Likashindwa tena. Walioliua si watu wa Kusini, maana hao hawakuwamo Bungeni. Ni wenzake wa chama chake mwenyewe. Waliogopa kwamba serikali ikinyang'anya mashamba ya matajiri wa Kusini, wafanya kazi wa Kaskazini nao watauliza habari za viwanda. Ni haki pia kusema kwamba Stevens aliharibu shauri lake kidogo kwa ukali wake, maana nusu ya maneno yake ilikuwa juu ya kuwapa weusi mashamba na nusu juu ya kuwaadhibu waasi, na wasikilizaji wengi walisikia hiyo ya pili tu. Basi weusi wengi wa Kusini wakawa watu wa kulima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno, wakiingia katika deni dukani kabla pamba haijaiva.

Alilolipata ni Badiliko la 14 la Katiba, lililofanya kila aliyezaliwa Marekani kuwa raia na kuamuru sheria imlinde kila mtu sawasawa. Hakuridhika nalo. Aliliambia Baraza mwaka 1866 kwamba ni kazi yenye viraka, lakini anaikubali kwa kuwa anaishi kati ya wanadamu. Liliingia katika Katiba mwezi wa Julai 1868.

Wakati huo alikuwa ameanza kufa kwa miguu yake. Mwezi wa Februari mwaka huo alikuwa mbele ya wale waliomshtaki Rais Johnson kwa kuvunja sheria. Vijana wawili walimbeba kwa kiti kila siku kumwingiza Bungeni, naye aliwauliza kwa mzaha ni nani atakayembeba wao watakapokufa. Seneti ilipiga kura mwezi wa Mei: 35 walisema Johnson ana hatia, 19 wakasema hana. Ilipungua kura moja tu. Stevens alitolewa nje juu ya kiti chake akiwa na hasira iliyoonekana usoni. Alifariki karibu na usiku wa manane tarehe 11 Agosti 1868, Bibi Smith akiwa kando ya kitanda. Watu wa chama chake huko Lancaster, ambao walikuwa wakaribia kumchagua mgombea wa Kongresi, walipiga kura zao hata hivyo kwa jina lake, la marehemu.

Hati yake ya wasia ni ya kusomwa na kila wakili. Bibi Smith aliachiwa fedha, akanunua kwayo nyumba ile waliyokaa. Mpwa wake aliachiwa mali kwa sharti kwamba aache pombe kwa miaka mingi mfululizo, na kijana akashindwa. Mama yake, aliyekwisha kufa, aliachiwa fedha za kupanda mawaridi katika pembe za kaburi lake kila mwaka theluji ikiisha. Iliyobaki aliitoa ijengwe nyumba ya mayatima mjini Lancaster, akaandika wazi kwamba wasitengwe kwa rangi yao wala ya wazazi wao, wasome katika madarasa mamoja, na wale katika meza moja. Ilichukua miaka mingi ya kuvutana, na shule ilianzishwa mwaka 1905. Sasa ni chuo cha ufundi chenye jina lake, ambako vijana hujifunza useremala, uashi, umeme na kazi za chuma, na wengi wao ambao wazazi wao hawana fedha husoma bila kulipa.